Milango ya ruzuku niliyobisha, na nyota ninazoipa

Kwanza mnijue anayetoa nyota. Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, katibu wa kikundi cha watu 27 katika kijiji kilicho chini ya milima ya Amani, wilaya ya Muheza, Tanga. Wanawake 23, wanaume wanne, na mmoja kati ya hao wanne huonekana siku za posho tu. Tunafuga nyuki na tuna kitalu cha miche. Tumesajiliwa halmashauri kama kikundi cha kijamii, hatujafika kuwa NGO. Tangu 2016 nimeandika maombi 14 ya ruzuku, mengi usiku kwa tochi ya simu. Yaliyojibiwa kwa pesa ni matatu.

Kwenye magrupu ya WhatsApp kila wiki kuna mtu anatupia tangazo: "Fursa kwa asasi ndogo, hadi dola 50,000!" Watu wanaweka vile viganja vya kuomba dua, basi, mazungumzo yamekwisha. Hakuna anayerudi mwaka mmoja baadaye kutuambia ilikuwaje. Nami nilikuwa hivyohivyo, macho kwenye tarakimu. Siku hizi tarakimu naisoma mwisho. Natafuta kwanza pesa itaingia mwezi gani, halafu marejesho watayataka kwa namna gani. Nilivyofika hapo ni hadithi ya ruzuku mbili.

Ya kwanza ilikuwa shilingi milioni nne na laki mbili. Mfadhili simtaji, akisoma atajijua. Awamu ya kwanza iliingia Februari, tukanunua viriba na mbegu, tukasia miche 3,000, mingi mivule na mikangazi. Awamu ya pili, ya kusafirisha miche kwenda mashambani kwa watu, mkataba ulisema Machi, ili tuiwahi masika. Tukasubiri. Nikapiga simu, nikaambiwa "iko kwenye mchakato". Masika ikanyesha mpaka ikachoka. Pesa ikaingia Julai, ardhi imekauka, miche imetoboa viriba na kuzamisha mizizi chini ya kitalu. Tulipoing'oa ilikuwa kama kung'oa meno. Iliyopona haikufika nusu. Na fomu ya taarifa ilikuwa na safu imeandikwa "miche iliyopona", na pembeni lengo: asilimia 90. Niliandika ukweli. Wakaniuliza kwa barua pepe tumepata mafunzo gani. Nikajibu kwamba mvua haina mchakato. Nyota mbili, na ya pili nawapa kwa sababu viriba vilivyobaki tunavitumia hadi leo.

Ruzuku ya pili ilikuwa ya banda la kuchujia asali, kwa mfadhili mwingine. Huyu pesa alileta kwa wakati, sina neno. Kilichotutoa jasho ni risiti. Mkataba ulisema kila matumizi yawe na risiti ya EFD, ile inayotoka kwenye mashine ya kodi. Saruji, mabati, misumari, hayo sawa, tulinunua Muheza mjini kwa duka lenye mashine. Mchanga je? Mchanga tulinunua kwa kijana mwenye tela la trekta, anauchota mtoni. Nilipomwomba risiti alinitazama kama nimemwomba pasipoti. "Mwalimu, mimi mashine niitoe wapi? Hata kalamu sina." Nikamwandikia mimi hati ya malipo, akaweka dole gumba, nikampiga na picha amesimama juu ya mchanga wake. Miezi mitano baadaye ofisa wa hesabu akaikataa. Shilingi 280,000 za mchanga na kokoto tukatakiwa kuzirudisha, tukazitoa kwenye akiba ya kikundi, zile buku mbili mbili za kila Ijumaa. Bi Mwenyekiti alisema neno ambalo sijalisahau: "Hii pesa ina masharti kuliko mkwe."

Tangu hapo nina swali moja ninalolituma kwa kila mfadhili kabla hatujatia saini. Mnaweza kulinakili: "Je, kwa muuzaji wa kijijini asiye na mashine ya EFD, mnakubali hati ya malipo yenye sahihi pamoja na ujumbe wa malipo wa simu?" Anayejibu kwa maandishi nampa nusu nyota palepale, hata kama jibu ni hapana. Anayesema "tutaliona hilo baadaye" namwogopa.

Sasa wenye majina.

Ninaowaweka juu ni Mpango wa Ruzuku Ndogo wa GEF, mfuko wa mazingira wa dunia, unaoendeshwa na UNDP, shirika la maendeleo la Umoja wa Mataifa. Watu wengi wanauita SGP. Ulianza 1992 na upo katika nchi nyingi, Tanzania ikiwemo. Pesa yake ni ya mazingira: misitu na viumbe wake, tabianchi, ardhi iliyochoka, kemikali na kadhalika, kwa hiyo kikundi cha kushona sare za shule kisijisumbue. Kwa miaka mingi dari yake ilikuwa dola 50,000, lakini mimi hilo silo linalonivuta. Linalonivuta ni kwamba pesa inakwenda moja kwa moja kwa kikundi chenyewe, bila kupita kwa asasi kubwa ya mjini inayokata ya kwake kwanza. Wanaoamua ni kamati ya kitaifa ambayo wajumbe wake wengi si wa serikali, na wanajitolea. Mpango wenyewe unaruhusu maombi kwa lugha za wenyeji, na katika baadhi ya nchi watu wameomba hata kwa video. Na kuna fungu dogo la kukusaidia kuandaa andiko lenyewe, jambo ambalo kwa katibu wa kijijini ni kubwa, maana nauli na chapa tu zinaweza kummaliza.

Wanataka pia mchango wa jamii, na hapa ndipo vikundi vingi vinapoogopa bila sababu. Mchango si lazima uwe noti. Siku tuliyokaa kuandika dokezo lao, lile ombi fupi la mwanzo, tulipiga hesabu ya kazi zetu wenyewe: watu 27, siku 12 za kusafisha njia ya kuzuia moto na kutundika mizinga, kwa ujira wa kibarua wa kwetu wa shilingi 7,000. Ikatoka 2,268,000. Tukaongeza mbao za mizinga ya zamani na kiwanja. Kikao kizima kilinyamaza, halafu Bi Mwenyekiti akacheka: "Kumbe na sisi ni wafadhili siku zote." Nyota nne na nusu. Nusu iliyobaki ni ya fomu ya bajeti, ina safu nyingi kuliko daftari la mahudhurio.

Ubalozi wa Japani una mpango wake wa misaada midogo kwa jamii, unaojulikana kwa herufi GGP. Kwa kawaida dari ni yeni milioni 10, ambayo kwa shilingi zetu inavuka milioni mia. Ni pesa ya vitu vinavyoshikika: madarasa, zahanati, visima, gari la wagonjwa. Mishahara hawalipi, gharama za kuendesha kila siku hawalipi, na wanataka ushahidi kwamba jengo likiisha kuna mtu wa kulitunza. Wanataka pia nukuu za bei kutoka kwa wauzaji tofauti, tatu. Niliwahi kuzunguka Tanga mjini siku mbili nikitafuta nukuu za tangi na mabomba. Ya kwanza unapewa kwa tabasamu. Kwa muuzaji wa pili unaulizwa, "Unanunua au hununui?" Wa tatu aliniandikia nyuma ya risiti ya soda. Nilirudi nyumbani nikawa nimeelewa kwamba sisi si saizi ya mlango ule. Shule yenye kamati imara au zahanati ya kijiji iende bila woga, kwao ni nyota nne na zaidi. Kwa kikundi cha nyuki ni mbili, na kosa si la Wajapani, ni kama kuvaa viatu vya kaka yako.

Kanada wana mfuko unaoitwa CFLI. Wastani wa ruzuku ni dola za Kanada kati ya 20,000 na 40,000. Maombi ni kwa Kiingereza au Kifaransa, kwa hiyo tafuteni kijana aliyemaliza chuo na yupo nyumbani, mumlipe chai. Ila angalieni kalenda, maana hapa ndipo nilipojifunza kusoma tangazo kwa jicho la mkulima. Mwaka wa fedha wa Kanada unaanza tarehe 1 Aprili na kuisha 31 Machi, na mradi wa mwaka mmoja unatakiwa uwe umefunga kabla ya hapo. Ukihesabu miezi ya kutangaza, kuchambua na kutia saini, kazi inaanza katikati ya mwaka au baada yake. Maana yake vuli unaiwahi, masika huipati kabisa. Ukiandika andiko la kupanda miti Aprili umejifunga kamba mwenyewe. Mafunzo, utetezi wa wanawake, vifaa, hivyo vinaingia vizuri. Nyota tatu na nusu kwa mwenye shamba, nne kwa asiye na shamba.

Wa nyumbani wapo pia, Foundation for Civil Society ya Dar es Salaam na Women Fund Tanzania, huyu wa pili akiwa amesimama na vikundi vya wanawake tangu 2008. Hawa sijawaomba mwenyewe, nyota zao nabaki nazo.

Asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ile ya wanawake nne, vijana nne, wenye ulemavu mbili, msiiweke kwenye orodha ya ruzuku. Ni mkopo. Hauna riba, sheria imeutambua tangu 2018, ulisimamishwa 2023 na kurudi mwaka uliofuata, lakini ni mkopo na utarudishwa. Kuna kikundi jirani walinunua bodaboda mbili wakiamini serikali imewapa zawadi. Sasa wanakwepana na ofisa maendeleo ya jamii sokoni.

Niwaonye pia kuhusu waandishi wa maandiko wa kulipwa. Mwaka mmoja tulichoka, tukamlipa mshauri mmoja laki tatu mbele, na asilimia 10 ya ruzuku ikipatikana. Alileta kitabu kizuri, kimefungwa kwa plastiki. Ukurasa wa sita tukakuta sentensi inayosema mradi utawafaidi "wakulima wa mpunga wa bonde la Kilombero". Kilombero! Sisi kwetu hata mpunga wa kuwekea nadhiri hatulimi. Nilipompigia aliniambia nibadilishe jina tu. Na mwingine alitupata kwa barua pepe, akajiita mfuko wa kimataifa, maombi yamekubaliwa, zimebaki dola 45 za kufungua faili. Mfadhili wa kweli hakutozi kiingilio. Nyota sifuri kwa wote wawili, ingekuwa amri yangu ningewapa na adhabu ya kufyeka uwanja wa shule.

Jambo jingine ninalolitazama sasa ambalo zamani sikulitazama: nyuma ya mfadhili wangu yupo nani. Januari 2025 serikali ya Marekani iliposimamisha misaada ya nje, kikundi kimoja cha mjini kinachohudumia yatima kilipigiwa simu kwamba hata mafuta ya pikipiki yasiguswe. Wao walikuwa hawajawahi kuona Mmarekani. Pesa yao ilipita kwa asasi ya mkoa, iliyopewa na asasi ya Dar, iliyopewa na USAID. Kufikia Julai mwaka huohuo USAID yenyewe ilikuwa imefungwa. Kwa hiyo siku hizi nauliza bila aibu: nyinyi mnapata wapi, na wakiacha kuwapa mtatuambia siku ngapi kabla?

Watu wananiuliza niwape sampuli ya andiko. Sitoi, kwa sababu ya Kilombero. Nikiombwa ushauri nasema tengenezeni faili kwanza. Letu lina katiba ya kikundi, cheti cha usajili, mihtasari ya vikao yenye sahihi za watu wote waliokuwepo, taarifa ya benki ya mwaka mzima, na barua ya mtendaji wa kijiji. Mihtasari ndiyo inayowaangusha wengi. Wanaiandika yote usiku mmoja kwa kalamu moja, wino uleule kuanzia Januari hadi Desemba, na mchambuzi si mtoto. Kwenye bajeti msisahau makato ya benki. Ruzuku yetu ya tatu, ambayo ilikwenda salama na ndiyo maana haina hadithi, ilikatwa karibu elfu tisini kwa mwaka, na fungu hilo hatukuwa tumeliweka.

Dokezo letu la nyuki lipo huko SGP, tunasubiri. Wiki hii nakwenda benki Tanga kubadilisha watia saini, maana mweka hazina amehamia Handeni kwa mwanawe. Nimeambiwa nibebe muhtasari wa kikao kilichomchagua mpya, picha mbili za pasipoti na barua ya halmashauri. Barua ninayo. Muhtasari umekosa sahihi moja, ya yule wa siku za posho.