Mwezi mzima wa "would" kwenye darasa la Kiingereza la jioni, Mwanjelwa, Mbeya

Nianze na lililonipeleka. Mimi ni dereva, nina Noah, nabeba watalii wanaokwenda ziwa Ngosi, Daraja la Mungu, kimondo cha Mbozi, wakati mwingine mpaka ufukwe wa Matema. Siku moja nilikuwa na mtu na mkewe, tunateremka barabara ya Tukuyu. Tulipopita Isongole ukungu ukafunguka, yule mama akaona kina mama wamepanga viazi na ndizi kando ya lami. Akaniambia: "Would you mind stopping here?" Nikajibu kwa moyo wangu wote: "Yes!" Nikakanyaga breki, nikaegesha.

Hakushuka mtu. Mama akasema "sorry, sorry", mumewe akawa anaangalia magoti yake. Tukakaa watu watatu ndani ya gari, indiketa inalia tik tik, na muuza viazi ameshanyanyua ndoo anasubiri. Mwisho nikaondoa gari. Mchana kutwa wale wageni walikuwa wananisemesha kama mtu aliyefiwa.

Ndiyo maana nilipoona bango la kozi ya Kiingereza cha jioni, nikalipa. Sitaji jina la kituo, kwa kuwa hapa chini nina malalamiko na bado tunasalimiana. Ni ghorofani, juu ya maduka ya mitumba, saa kumi na mbili mpaka saa mbili usiku, Jumatatu hadi Alhamisi. Ada elfu arobaini kwa mwezi, kitini elfu tatu mbali. Waliniambia darasa halizidi watu ishirini. Siku ya kwanza nilihesabu thelathini na wanne, na viti vya plastiki vimeisha, nikakalia kreti la soda.

Lakini mwalimu! Mwalimu ni mtu mzima, sweta la kijani halimtoki mwilini, na mwezi wote ule tulisoma kitenzi kisaidizi kimoja tu, "would". Watu walinung'unika wiki ya kwanza. Mama mmoja muuza mchele wa Kyela alimwambia, "Mwalimu, sisi tumelipa Kiingereza kizima." Akamjibu, "Mama, shika hiki kwanza, vingine vitakuja vyenyewe."

Hakuanzia Kiingereza. Aliandika ubaoni "Ningejua ningekuja", akatuuliza zimo nge ngapi. Mbili. Halafu akaandika "If I knew, I would come", akauliza "would" ziko ngapi. Moja. Darasa kimya. Mimi miaka yote nimekuwa nikiwaandikia wageni WhatsApp "If I would know", kwa sababu kichwani mwangu kila upande una nge yake. Kwa Mwingereza upande wa "if" unavaa wakati uliopita, basi, na "would" inakaa upande wa pili peke yake. Na kama jambo limeshapita ndipo unasema "would have come". Akatukumbusha kwamba Kiswahili nacho kina "ningalijua ningalikuja" kwa kazi hiyohiyo, ila mitaani tumeiacha, tunasema "ningejua" kwa ya jana na ya kesho. Kiingereza hakikusamehei hapo.

Jioni iliyonikaa zaidi ni ya gari. Aliuliza nani ana gari, nikanyoosha mkono. "Kaka, mwezi wa saba, Uyole, alfajiri, unawasha. Linafanyaje?" Nikasema linagoma. Akaandika: "The car wouldn't start." Si kwamba "lisingewaka", ni kwamba liligoma, lilikataa, kana kwamba lina hiari yake. Ndipo akatueleza kwamba "would" ni wakati uliopita wa "will", na "will" hapo kale ilikuwa na maana ya kutaka. Gari halikutaka. Tukacheka. Akasema msicheke, na ninyi mnafanya hivyohivyo: ile "ta" ya "atakuja" inatokana na "taka", na imebaki wazi kwenye "atakayekuja". Nimezaliwa nikisema "atakayekuja" na sijawahi kuiona hiyo "taka" imekaa pale katikati. Nilirudi nyumbani nikamwonyesha mke wangu, akasema nimelewa.

Kuna kazi nyingine ambayo binafsi ilinitoa ukungu. "He said he would come." Nusu ya darasa tuliandika "Alisema angekuja". Akatukatia wote. Kiswahili cha kila siku ni "Alisema atakuja", maana mara nyingi sisi tunayaacha maneno ya mtu kwenye wakati wake, Mwingereza ndiye anayeyasogeza nyuma. "Angekuja" inaweza kumfanya msikilizaji asubiri: angekuja kama nini? Tangu siku hiyo nikisikia kwenye habari "Waziri alisema angezindua", nakereka. Nauliza, kilimzuia nini?

Ya mazoea ya zamani aliipitisha haraka, umeme ulikuwa unakatika. "My grandmother would tell us stories" ni bibi alikuwa akitusimulia, alizoea hivyo. Si bibi angetusimulia. Ile ya adabu niliyoifuata mimi ilikuja wiki ya nne. Sisi adabu yetu iko kwenye "naomba" na kwenye sauti. "Naomba chai" inatosha, hakuna mama ntilie atakayekununia. Ukiipeleka kwa Kiingereza ikawa "I want tea", umekuwa mkali bila kujua, ndiyo maana wao wanasema "I would like". Na "would you mind" ni kuulizwa utaona vibaya? Ukikubali, jibu ni "no", au "not at all". Mimi nilikuwa nimemwambia yule mama kwamba ndiyo, nitaona vibaya sana, tena huku natabasamu.

Sasa malalamiko. Kitini ni balaa. Kimetolewa kopi ya kopi, ukurasa wa saba hausomeki, na mifano yake ni ya theluji na mbwa wa kufugwa ndani. Mwalimu hakukigusa hata mara tatu, kwa hiyo ile elfu tatu sijui nililipia nini. Umeme ulikatika jioni nne na hawana jenereta. Tulisoma kwa tochi za simu, nikamwomba dada wa mapokezi tufidiwe hata siku mbili, akasema ada hairudi, imeandikwa nyuma ya risiti. Kweli imeandikwa, kwa herufi za sisimizi. Baridi nayo: dirisha moja halina kioo, limezibwa na boksi, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita mnaijua. Njoo na jaketi.

Tena wanaoanza kabisa, wasiojua "was" na "were", watapata taabu. Kijana wa bajaji niliyekaa naye aliacha wiki ya pili, na simlaumu.

Kama unakwenda, uliza kwanza kama mwenye sweta la kijani ndiye atakayefundisha, kwa sababu yuko mwingine wa asubuhi ambaye, nimeambiwa, anasoma kitini mwanzo mwisho. Fika saa kumi na moja na nusu upate kiti. Kitini usinunue, piga picha cha mwenzio.

Mimi nimeshalipa nusu ya mwezi ujao, tunaanza "should". Juzi mgeni aliniuliza pale Kiwira, "Would you mind if I opened the window?" Nikajibu "Not at all, madam." Akafungua, vumbi lote la lori la mbele likaingia ndani ya gari.