Bastola ya .22 ya kulengea shabaha: uliza kwanza inafunguliwaje

Bastola yangu ya kwanza niliinunua kwa sababu ilinipendeza machoni, na muuzaji alisema "inakaa vizuri mkononi mwa mama". Ya mkono wa pili, dola 280, magazini (kile kikasha cha risasi) moja. Siku ya kwanza renji, pale uwanja wa kulengea shabaha, haikunisumbua: risasi 150, karatasi imejaa matundu, mume wangu amenuna kwa sababu ya kwake ilijaa pembeni. Usiku nikaifungua niisafishe. Springi moja, nyembamba kama ya kalamu ya kubonyeza, ikaruka, ikagonga sufuria ya ugali, ikapotea. Tuliitafuta kwa tochi ya simu mpaka saa sita. Jina la kampuni silitaji, maana kosa kubwa lilikuwa langu. Niliuliza bei, nikauliza uzito, nikauliza rangi. Inafunguliwaje, sikuuliza.

Nimeyakumbuka hayo kwa sababu mwezi huu wasomaji watatu wameniletea kilio kilekile. Wa Minneapolis aliandika hivi: "Shikamoo dada. Nilinunua ya .22, nimeenda nayo renji mara mbili, ikaanza kukwama. Wakaniambia ni uchafu. Nimeifungua, hairudi. Sasa hivi iko ndani ya kopo la aiskrimu." Marahaba mdogo wangu. Hauko peke yako.

Kwa hiyo leo urefu wa mtutu tuuache. Usahihi nao tuuache: bastola zote za shabaha nitakazozitaja zinalenga kuliko mimi na wewe, na ukiikosa karatasi ya yadi 25 usitafute mchawi kwenye chuma. Nauliza mambo mawili tu. Inafunguliwaje? Na ikishafungwa, risasi inakwenda palepale ilipokuwa ikienda jana?

Anayeona hilo ni dogo hajaujua uchafu wa .22 LR, ile risasi ndogo inayotumiwa na bastola hizi. Risasi hii imekuwapo tangu 1887, na nyingi bado ni madini ya risasi yenyewe, bila koti la shaba, zimepakwa nta. Kemikali ya kuwasha baruti imo kwenye ukingo wa kitako cha ganda, ndiyo maana pini hugonga pembeni badala ya katikati, na ndiyo maana ganda lake hulijazi upya. Bolti ya bastola hizi, kile chuma kinachokwenda mbele na nyuma kikiziba kitako cha mtutu, haifungwi na kitu. Inazuiwa na uzito wake na springi tu, mlipuko unaisukuma nyuma. Inaporudi, inarudi na masizi, nta na vumbi la risasi. Piga 300, kisha pitisha kidole ndani: kinatoka kama umesugua sufuria ya kuni. Hapo ndipo bolti inapoanza kuchoka, na ganda linakwama wima mlangoni, nusu ndani nusu nje.

Mimi nilipita JKT, Jeshi la Kujenga Taifa kule Tanzania, kwa mujibu wa sheria baada ya kidato cha sita. Kule SMG, bunduki ya jeshini, tuliifungua na kuifunga huku afande akihesabu, bila bisibisi, bila nyundo, wala hakuna kilichoruka. Nikadhani silaha zote duniani ziko hivyo. Kumbe bunduki ya vita imetengenezwa kwa ajili ya kuruta mwenye usingizi, na bastola ya starehe imetengenezwa kwa ajili ya mzee mwenye karakana nyuma ya nyumba.

Namba moja: Ruger Mark IV. Napenda Ruger, nasema mapema msije mkasema nimelipwa. Sijapewa hata ganda. Kampuni ilianza 1949 na bastola moja ya .22 iliyouzwa dola 37.50, na Bill Ruger aliibuni akiwa ameichunguza sana Nambu ya Wajapani. Kwa zaidi ya miaka 60 watoto wake wote, Mark I, II na III, walisifiwa renji na kulaaniwa nyumbani. Kuna kijiti kidogo kinaning'inia nyuma ya nyundo ya ndani, ile inayogonga pini. Wakati wa kufunga lazima kitue ndani ya kikombe chake, na ili kitue unainua mtutu juu, unauinamisha chini, unavuta triga, unaomba Mungu. Kisipotua, bolti hairudi nyuma, na unaanza upya. Watu wazima, wenye digrii zao, walikuwa wanapeleka bastola kwa fundi ikiwa kwenye mfuko. Ndiyo maana ukiuziwa Mark II au III ya mkono wa pili kwa bei ya kutupa, jiulize mwenzako anakimbia nini.

Mwaka 2016 wakaleta Mark IV. Magazini nje, chumba tupu, angalia tena kwamba ni tupu, sefti (kizuizi cha kufyatua) juu. Nyuma, chini ya mkia wa bolti, kuna kitufe. Unakibonyeza kwa kidole gumba, sehemu yote ya juu inainuka kwa nyuma kama kifuniko cha sanduku, unaitoa. Unainamisha, bolti inateleza ikilala kiganjani. Basi. Mimi hufanyia mezani jikoni, juu ya gazeti, watoto wakiwa wamelala, risasi zimefungiwa chumba kingine. Vitambaa ni kanga kuukuu niliyoikata vipande; ilikuwa imeandikwa "Wema hauozi", na juzi nilikuwa nasugulia bolti kile kipande cha "hauozi", kimekuwa cheusi ti. Chai inakuwa bado ya moto nikimaliza. Mikono naosha kwa sabuni na maji ya baridi, na mwenye mimba au anayenyonyesha asilisogelee kabisa vumbi la madini ya risasi.

Jambo la pili ndilo linalonivutia. Kwenye Ruger mtutu na mwili wa juu ni kipande kimoja, na vyote viwili vya kulengea, kijino cha mbele na pengo la nyuma, vimekaa juu ya kipande hicho. Huvigusi wakati wa kufungua. Ukifunga, risasi ya kwanza inakwenda palepale.

Kasoro ipo, siifichi. Juni 2017 Ruger wenyewe waliziita kiwandani Mark IV zote za kabla ya tarehe 1 ya mwezi huo: ukivuta triga wakati sefti iko katikati, si juu si chini, bastola ingeweza kulia baadaye sefti inaposukumwa. Namba zake huanza na 401 au WBR. Ukinunua ya mkono wa pili yenye namba hizo, hakikisha na kampuni kwamba ilishatengenezwa.

Ipi kati yao? Target ya mtutu wa inchi 5.5 ukiwa na mkono. Ile ya chuma isiyoshika kutu inakaribia kilo 1.2 na baada ya nusu saa bega linakusalimia. Mimi nina 22/45 Lite, Mark IV nyepesi ya kama gramu 700, yenye mpini uliosimama zaidi kama wa Colt 1911, bastola ya zamani ya jeshi la Marekani. Tegemea dola 450 hadi 700 kutegemea chuma na tamaa ya duka.

Namba mbili ni Smith & Wesson Model 41, kama una mjomba tajiri. Ipo tangu 1957. Unaivuta bolti mpaka ishike nyuma, unavuta chini kile kikingio cha triga, mtutu unatoka mkononi na vyote viwili vya kulengea vikiwa juu yake. Bila kifaa chochote! Walijua tangu wakati huo, wengine wote wakajifanya hawajaona. Bei inapita dola 1,500. Nimeishika mara moja, ya mzee mmoja pale renji, nikairudisha haraka kabla sijaanza kupiga hesabu za kodi ya nyumba.

Namba tatu, SW22 Victory ya kampuni hiyohiyo. Dola 400 hivi, na inakuja na magazini mbili. Skrubu moja mbele ya kikingio cha triga, ufunguo mdogo wa pembe sita kama ule unaokuja na kitanda cha kuunganisha, sehemu ya juu inatoka nzima. Mtutu umeshikwa na skrubu nyingine. Hiyo usiiguse, shabaha haihami. Ufunguo ufunge kamba kwenye begi, wangu ulipotea wiki ya pili nilipoazima ya rafiki, na Jumapili jioni nikazunguka kuomba kwa majirani ufunguo wa kitanda.

Namba nne, na hapa nitatukanwa: Browning Buck Mark. Iko sokoni tangu 1985, ina triga tamu kuliko Ruger yangu, nakiri mchana kweupe. Lakini kilengeo cha nyuma kimekaa juu ya reli iliyoshikwa na skrubu mbili ndogo, na ili utoe bolti lazima reli ing'oke, kilengeo nacho kikaondoka. Ukikaza leo zaidi ya jana, risasi zinaweza kuhama. Usipokaza, zinalegea zenyewe kwa mtikisiko. Ndani kuna kipande kidogo cha plastiki cha kupunguza kishindo ambacho hupenda kudondoka ukiwa hujui kilitoka wapi. Wenye Buck Mark huniambia, "Mimi siifungui, napuliza dawa na kupitisha brashi." Sawa. Hata gari unaweza kuliendesha bila kubadilisha oili, mpaka siku hiyo. Na nyingi huja na magazini moja.

Za bei ya chini: Taurus TX22, karibu dola 300, risasi 16, inafunguka bila kifaa. Nzuri kwa kuangusha makopo. Tuendelee.

Kabla hujaenda dukani, nasema na ninyi mlioko Marekani. Dar na Nairobi ni habari nyingine kabisa, huko leseni kwanza. Kwa sheria ya shirikisho bastola ya dukani ni miaka 21, unajaza fomu 4473, jina linapitishwa FBI. Mwenye green card anaruhusiwa. Mwenye viza ya masomo au ya kutembea kwa kawaida haruhusiwi, isipokuwa kwa vighairi vichache kama leseni halali ya uwindaji. Usidanganye kwenye fomu, ni jinai na inaweza kukukatisha makaratasi yote. Na usimnunulie shemeji asiyeruhusiwa, hata akulilie. Jimbo lako linaweza kuongeza masharti yake.

Sasa wauzaji. Niliporudi baadaye kwenye duka nililonunulia ile ya kwanza, muuzaji aliongea nami dakika mbili, akamgeukia mume wangu, ambaye alikuja kumbeba mtoto tu. "Anataka kitu chepesi?" akamuuliza. Mume wangu akasema, "Muulize mwenyewe, yeye ndiye aliyefundishwa jeshini." Akanitolea ya rangi ya waridi. Sijakuomba ya waridi, kaka! Nimeomba uifungue hapa mezani nione. Akasema hawafungui bidhaa za dukani. Sasa nina kanuni: muuzaji asiyeweza kuifungua na kuifunga mbele yangu, pesa yangu haioni.

Na bei ndiyo hiyo. Ukinunua mtandaoni lazima ipokelewe na muuzaji mwenye leseni, naye kwa kukupokelea boksi na kukupa kalamu anataka dola 25 mpaka 50. Ndani ya bei kuna kodi ya shirikisho, asilimia 10 kwa bastola na 11 kwa risasi, inayokwenda kutunza wanyamapori. Hiyo nailipa bila kinyongo, sina ugomvi na kulungu. Walioko California wameongezewa 11 nyingine tangu Julai 2024, poleni. Kinachonichoma ni risasi zenyewe. Mwaka 2020 zilipotea madukani kama sukari wakati wa Ramadhani, zikarudi na bei mpya, na bei mpya ikakaa. Boksi la 50 nililokuwa nalichukua kwa dola mbili na ushee, leo mtu ananiambia tano, na ananiangalia usoni.

Ile springi, kwa wanaouliza, iliyoagizwa mpya ilikuwa dola 9, na usafirishaji dola 14. Nikaifunga, nikaiuza bastola. Miezi saba baadaye tukahama, friji ikasogezwa, na springi ya zamani ikaonekana, imelala kando ya dengu mbili na kifuniko cha maziwa ya mtoto.