Forgejo kwenye seva yetu wenyewe: uzoefu wangu wa miezi 18

Tulikuwa watu 7 na ripo (hazina za msimbo) 43 siku huduma tuliyokuwa tukihifadhi msimbo wetu ilipotufungia akaunti. Kadi ya malipo ilikuwa imeisha muda, barua pepe za onyo zilikuwa zikienda kwa mtu aliyekwisha kuacha kazi, na kwa siku 2 nzima hakuna aliyeweza kusukuma (kupeleka kwenye seva) hata mstari mmoja. Kwa kiasi kikubwa kosa lilikuwa letu. Ila siku hizo 2 zilinionyesha jambo ambalo hadi hapo nilikuwa nalijua mdomoni tu: msimbo wenyewe haukuwa hatarini hata kidogo. Ndivyo Git, programu inayotunza historia ya msimbo, ilivyo tangu Linus Torvalds alipoiandika mwaka 2005, kila anayekloni (anayenakili) mradi anaondoka na historia yake yote. Tungeweza kuendelea na kazi kutoka kwenye kompyuta ya yeyote kati yetu. Kilichofungiwa ni yale yanayouzunguka msimbo: tikiti karibu 1,900 za hitilafu na maombi, mabishano ya wakati wa kupitia kazi za wenzetu, maelezo ya kwa nini sehemu fulani iliandikwa kiajabu vile. Hayo Git haiyabebi. Yanakaa kwenye hifadhidata ya mwenye huduma.

Akaunti ilipofunguliwa, tulikubaliana tuhamie kwetu. Tuliishia kwenye Forgejo, programu unayoiweka kwenye seva yako kuhifadhi msimbo pamoja na tikiti na mapitio yake.

Niseme mapema kwa wale ambao hawahitaji kusoma zaidi: kama mko wawili au watatu, na mnachotaka ni mahali pa kusukumia msimbo tu, msijisumbue. Seva yoyote yenye SSH (njia salama ya kuingia kwenye seva kwa mbali), amri moja ya `git init --bare`, kazi imekwisha. Programu za aina ya Forgejo zinaanza kuwa na maana pale mnapohitaji tikiti, mapitio, ulinzi wa matawi (mikondo ya msimbo inayoendelezwa kando kwa kando) na ruhusa za nani aguse nini.

Kwanza nilijaribu GitLab, programu nyingine ya aina hiyo. Ni programu nzito kwa maana zote mbili za neno hilo. Ukiisimamisha unakuwa umesimamisha kijiji: PostgreSQL, Redis, Puma, Sidekiq, Gitaly, kila mmoja na sehemu yake ya kumbukumbu. Seva yetu ina GB 4 za RAM na ilikuwa ikihema kabla hata hatujaanza kazi. Kwa shirika kubwa linalotaka kila kitu chini ya paa moja, naelewa kabisa kwa nini wanaichagua. Sisi tulikuwa tunatafuta baiskeli, tukapewa lori.

Forgejo imeandikwa kwa Go, na inakuja ikiwa faili moja tu linalojiendesha. Ukipenda kontena (kifurushi kinachoiendesha programu ikiwa imetengwa na seva), lipo. Ukoo wake una historia kidogo: Gogs ndiye babu, Gitea ikazaliwa kutoka humo mwaka 2016, na Forgejo ikachipuka kutoka Gitea mwishoni mwa 2022, baada ya jina na usimamizi wa Gitea kwenda kwenye kampuni na baadhi ya wachangiaji kutopendezwa. Mwanzoni Forgejo ilikuwa ikifuata Gitea hatua kwa hatua. Tangu mwaka 2024 kila mmoja anakwenda njia yake. Inalelewa chini ya Codeberg, jumuiya isiyo ya kibiashara yenye makao Berlin, na leseni yake kuanzia toleo la 9 ni GPL. Jina lenyewe limetoka Kiesperanto, maana yake karakana ya mhunzi. Mwenzetu mmoja bado analitamka kwa namna mpya kila wiki na tumeshakata tamaa ya kumrekebisha.

Kuisimamisha kulinichukua alasiri moja. Kwenye seva yetu inakaa chini ya MB 300 za RAM siku ya kawaida, pamoja na watu wote 7 kupekua huku na kule. Nilitumia hifadhidata ya PostgreSQL tangu siku ya kwanza. SQLite inakubalika na kwa mtu mmoja inatosha sana, lakini sikutaka kuja kuhamisha hifadhidata baadaye, wakati tayari ina mambo ya watu ndani.

Kuhamisha miradi ndiko nilikokuogopa zaidi, na ndiko kulikonishangaza. Kuna fomu ya uhamishaji inayozijua GitHub, GitLab, Gitea, Gogs na nyingine kadhaa. Unaweka anwani ya ripo, unaweka tokeni (ufunguo wa kuingilia), unachagua unachotaka kije: tikiti, lebo, maombi ya kuunganisha, matoleo. Kisha unakwenda kunywa maji. Tikiti zilikuja na namba zile zile za zamani, jambo linaloonekana dogo hadi ukumbuke ni komiti (mabadiliko yaliyohifadhiwa) ngapi zimeandikwa "inarekebisha #412". Kasoro moja: majina ya waandishi yanabaki kama maandishi, hayafungamani na akaunti mpya. Kwa hiyo ukitafuta kila nilichowahi kuandika kabla ya kuhama, mfumo hauoni kuwa yule ni mimi. Tumezoea.

Sasa nije kwenye makosa yangu.

Kosa la kwanza ni SSH. Seva tayari ilikuwa na SSH yake kwenye poti 22, ile ninayoingilia mimi kuitunza. Forgejo nilikuwa nimeiweka ndani ya kontena, ikapewa poti 2222, basi anwani za kukloni zikawa ndefu na zenye namba katikati. Wiki nzima nilijibu swali lile lile. Hatimaye kila mtu aliongeza mistari 4 kwenye faili lake la mipangilio ya SSH na kelele zikaisha. Ningeanza upya leo, ningeiweka moja kwa moja kwenye seva bila kontena ili itumie SSH ile ile iliyopo.

La pili lilinitia aibu. Kijana wetu wa kiolesura alikuwa akisukuma kazi yenye picha nyingi kwa HTTPS, kila mara inamrudia na hitilafu 413. Nikakesha nikichimba mipangilio ya Forgejo. Nikasoma kumbukumbu zake zote za matukio, hakuna kitu. Ombi halikuwa limefika hata mlangoni pake. Mkosaji alikuwa Nginx, seva ya wavuti niliyoiweka mwenyewe mbele ya Forgejo: asipoambiwa vinginevyo, hapokei mzigo unaozidi MB 1. Mstari mmoja, `client_max_body_size`, na kijana akaendelea na kazi. Hakunisema, ila aliniangalia.

La tatu ni usajili. Niliuacha wazi Ijumaa ili wenzangu wajifungulie akaunti wenyewe, nikasahau kuufunga. Jumatatu tulikuwa na watumiaji 60 na ushei, wengi wao wakiuza dawa za nguvu za kiume. Kama seva yako inaonekana kwenye intaneti, funga usajili kabla hujamwambia mtu anwani.

Kwa matumizi ya kila siku sina malalamiko ya maana. Kurasa zinafunguka upesi hata mtandao ukiwa wa kusuasua. Mapitio ya msimbo yana kila tunachohitaji: maoni kwenye mstari, kuidhinisha, kuomba marekebisho. Tawi kuu tumelilinda, hakuna anayesukuma humo moja kwa moja, mimi nikiwemo; lazima mtu mmoja mwingine aidhinishe. Tikiti zinaweza kupangwa kwenye ubao wa safu, ubao wa kawaida tu usio na madoido. Anayetoka kwenye programu kubwa za kupangia kazi ataona ni mkavu.

Actions, yaani sehemu ya kuendesha majaribio bila mtu kuyaanzisha kila msimbo unaposukumwa, inahitaji subira. Forgejo haiendeshi kazi hizo yenyewe. Unasakinisha programu nyingine ya kuziendesha, na busara ni kuiweka kwenye mashine tofauti, kwa sababu inatekeleza msimbo wowote uliosukumwa. Faili za maelekezo zinafanana na za GitHub Actions, na hapo ndipo wengi wanapojikwaa, kwa sababu kufanana si kuwa kitu kimoja. Faili zetu 9 zilikuja vilevile zilivyo, 6 zikafanya kazi. Tatu zilizobaki zilikuwa zikiita vipande vya watu wengine kwa jina fupi, na Forgejo jina fupi inalitafuta kwenye hazina yake. Nikaandika anwani kamili. Moja bado iligoma, ikabidi niiandike upya kwa amri za kawaida. Imekuwa fupi kuliko ya kwanza, kwa hiyo silii.

Matoleo mapya hutoka kila baada ya miezi 3, na kila mwaka kuna toleo moja la kutunzwa kwa muda mrefu; toleo la 7 lilikuwa la kwanza kupewa hadhi hiyo, la 11 likafuata. Nakaa kwenye hayo ya muda mrefu, nachukua marekebisho ya usalama tu. Kusasisha kunachukua dakika 10: nazima, nachukua nakala, nabadilisha faili, nawasha.

Nimesema nachukua nakala. Hapa ndipo nilipokaribia kula wa chuya.

Mwezi wa tano nilijipa zoezi: chukua kompyuta iliyokaa bure, jifanye seva imeungua, irudishe kazi. Nilikuwa na nakala za kila usiku za hifadhidata na za folda ya ripo, ziko mahali pengine kabisa, na nilikuwa nikijisifu kwa hilo. Nikasakinisha Forgejo upya, nikaingiza hifadhidata, nikarudisha ripo. Ukurasa ukafunguka, tikiti zote zipo. Nikajaribu kuingia. Nenosiri limekubaliwa, uthibitishaji wa hatua mbili umekataa. Wa kwangu, wa mwenzangu, wa kila mtu.

Siri za uthibitishaji huo husimbwa kwenye hifadhidata kwa ufunguo unaoitwa SECRET_KEY, nao unakaa kwenye faili la mipangilio, app.ini. Faili hilo sikuwa nalichukua. Usakinishaji mpya ulitengeneza ufunguo wake mpya, na hifadhidata yangu ikawa inasemeshwa lugha isiyoielewa. Faili lenyewe halifiki hata KB 10. Nilikuwa nimehifadhi GB 38 nikaliacha hilo.

Nilipolichukua kutoka seva halisi nikaendelea, nikakutana na la pili: kusoma kunawezekana, kusukuma hakuwezekani. Kila ripo ina hati ndogondogo zinazoitwa wakati wa kusukuma, na ndani yake zilikuwa na njia ya folda ya seva ya zamani. Kuna amri ya msimamizi ya kuzitengeneza upya, na nyingine ya kuandika upya orodha ya funguo za SSH. Ukizijua ni sekunde chache. Mimi nilizijua saa 8 usiku.

Ipo amri ya `forgejo dump` inayokusanya kila kitu kwenye faili moja, app.ini ikiwemo. Ningeitumia tangu mwanzo nisingepata hilo la kwanza. Sasa naizima programu dakika chache usiku wa manane, naendesha dump, nawasha. Kuzima ni kwa sababu mtu akisukuma katikati ya kunakili, hifadhidata na ripo zinaweza kutofautiana, moja ikisema ombi limeunganishwa na nyingine haijui habari hiyo. Zoezi la kurudisha tunalifanya kila miezi 3, kila mara na mtu mwingine, akifuata karatasi niliyoiandika. Mimi nakaa pembeni nimefunga mdomo. Mara ya mwisho alikuwa yule kijana wa kiolesura. Alimaliza kwa dakika 40 na akasahihisha hatua 2 nilizokuwa nimeziandika vibaya.

Naipa nyota 4 kati ya 5. Ya tano nimeishikilia kwa sababu, hadi toleo ninalotumia, dump ipo lakini amri ya kurudisha haipo: unafungua zipu mwenyewe na kupanga kila kitu mahali pake kwa mkono. Wakiileta, nitarudi hapa kuiongeza.