Kumtafuta mkesha wa madoa wakati wa kusi: Sokoke na Gede, uzoefu wangu

Kila anayenisikia nikitaja ndege huniambia niende Mida, pwani ya Kenya, mwezi wa Desemba. Ni kweli, Desemba hori la Mida hujaa vitwitwi waliokimbia baridi ya Ulaya na Siberia, na ukisimama kwenye lile daraja la mbao kati ya mikoko utawaona wamebanana kama abiria wa Ijumaa jioni. Lakini sisi nasi tuna baridi yetu. Kusi ikishika, kipupwe kikaingia, wapo ndege wanaopanda kutoka kusini kuja kwetu. Ni wachache, hawaimbi, hawajionyeshi. Mimi nilikuwa nawataka hao, hasa mkesha wa madoa, ndege anayekula ardhini.

Basi mwezi wa saba nikalipia matembezi ya siku moja na nusu: Jumamosi msitu wa Arabuko-Sokoke, Jumapili asubuhi magofu ya Gede. Shilingi 3,500 kwa kila kichwa, viingilio unajilipia mwenyewe. Nikamchukua na mjomba wangu, baharia mstaafu, ambaye ndege anaowajua ni wale wanaomwonyesha samaki walipo.

Nianze na malalamiko niyamalize. Ofisi iliyotuwekea nafasi, ambayo sitaitaja, ilitwambia tuwe tayari saa kumi na moja na nusu alfajiri. Tukalala Gede kwa ajili hiyo, gharama juu ya gharama. Gari ikaja saa moja na dakika ishirini. Kila nilipopiga simu niliambiwa dereva yuko njiani, na labda alikuwa njiani kweli, njia ya kutoka kitandani. Kwa matembezi ya mjini ningesamehe. Msituni, ile saa ya kwanza baada ya jua kuchomoza ndiyo ndege wanapohangaika na kula. Ukiikosa umekosa nusu ya ulicholipia. Halafu darubini waliyotukodisha ilikuwa imeota kuvu ndani ya kioo. Unafuta, unafuta, ukungu upo palepale. Tulilipa shilingi 500 kuona dunia kama kupitia glasi ya tui.

Kilichotuokoa ni mwongozaji. Kijana wa kijiji cha pembeni mwa msitu, kandambili zake begani na viatu vya mpira miguuni, aliyemwamkia mjomba shikamoo kabla hajanitazama mimi mwenye risiti. Swali langu la kwanza lilikuwa kama tutamwona bundi wa Sokoke. Akanijibu, "Dada, mimi naahidi kutembea. Kuonekana ni kwake yeye." Nilimpenda hapo hapo. Nimeshatembea na waongozaji wanaoahidi kila kitu, kisha wanawasha simu na kupiga sauti ya ndege iliyorekodiwa mpaka kiumbe cha watu kinatoka kichakani kikitafuta mgomvi asiyekuwepo. Huyu simu yake ilikaa mfukoni siku nzima.

Msitu wenyewe una ukubwa wa kilomita za mraba 420 hivi, na hakuna msitu mkavu wa pwani uliobaki Afrika Mashariki ulio mkubwa kuliko huo. Ukiwa ndani unaujua kwa mchanga kabla ya miti. Penye mchanga mweupe ndipo penye mirihi, miti mirefu iliyoachana, na huko juu kabisa ndiko anakokaa mnana wa Clarke, ambaye duniani kote hupatikana Kaunti ya Kilifi tu. Mpaka 2013 wataalamu hawakuwa wanajua anataga wapi, ndipo alipokutwa akizaliana kwenye kinamasi huko Dakatcha. Tulikaa chini ya mirihi tukitazama juu mpaka shingo zikauma. Hatukumwona. Kijana hakutafuta visingizio, akasema tu, "Leo hayupo," tukaondoka.

Mchanga unapogeuka mwekundu, msitu unakuwa mfupi, umeshikana, miba kila mahali. Hapo kijana akatwambia tusimame njiani, akaingia peke yake akiinama. Dakika kumi, kumi na tano. Mbu wakatufanyia karamu. Mjomba akaanza kuuliza kama ndovu wa msitu huu huwa wanapita upande huu, swali nililolisikia lakini sikutaka jibu lake. Kisha mkono ukatokea kwenye majani, ukatuita.

Walikuwa wawili, bega kwa bega juu ya kijiti kilicho juu kidogo ya kimo cha mtu. Yule bundi ni mdogo ajabu, anajaa kwenye kiganja, na mikono yangu ilikuwa ikitetemeka kwa furaha. Mmoja wa kijivu, mwingine wa rangi ya kutu kama jani lililokauka. Kumbe ndivyo walivyo, rangi tofauti lakini jamii ileile. Yule wa kutu alifungua jicho moja, akatuona, akalifumba. Mbali na hapa, wanajulikana pia kwenye vilima vya chini vya Usambara ya Mashariki, Tanzania. Mamangu nilipomwonyesha picha jioni alisema astaghfirullah, watu wanamfukuza bundi kwa kelele paani, wewe unampandia gari na kumlipia.

Lakini niliyemfuata hasa ni mkesha wa madoa, yule wataalamu wanayemwita Geokichla guttata. Yuko kwenye orodha ya ndege walio hatarini kutoweka duniani, na kwetu huonekana kuanzia Aprili hadi Oktoba hivi, kisha hurudi kusini. Sokoke hatukumpata. Jumapili tukaingia Gede lango lilipofunguliwa tu, kabla ya mabasi ya wanafunzi. Wengi huja hapa kwa ajili ya msikiti mkuu na jumba la mfalme, na tangu mji huu uingizwe kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2024 nadhani watazidi. Sisi tulipita vyote hivyo tukitazama chini. Mkesha hula ardhini, kwenye majani makavu, na ndani ya kuta za Gede majani yanarundikana miaka nenda miaka rudi chini ya mibuyu na mibambakofi.

Kijana akatukalisha juu ya jiwe, akasema tusiseme. Nusu saa. Kima mmoja akashuka, akafungua mfuko wangu kama aliyeutia fundo mwenyewe, akaondoka na mahamri manne. Sikuweza hata kumpigia kelele.

Ndipo likaruka jani. Jani moja tu, limetupwa pembeni karibu na ukuta. Kisha la pili. Nyuma yake akasimama, kifua cheupe kilichotiwa madoa meusi kama mtu aliyekung'utiwa kalamu ya wino, mistari miwili myeusi ikishuka usoni, jicho kubwa jeusi. Anatupa jani, anaganda, anainamisha kichwa upande mmoja kama anayesikiliza mlango, kisha anadonoa. Hatua tatu za mbio, anaganda tena. Akiganda anapotea machoni ingawa unamtazama. Mjomba akaninong'oneza, "Anapekua kama kuku jaani, ila huyu ana adabu." Dakika mbili, labda tatu. Tukio lote nililitazama kwa macho yangu matupu, ile darubini nimeiweka chini.

Tulipotoka kijana alituuliza kama tuna haraka, akatupeleka hadi mdomo wa Mto Sabaki bila kuongeza bei, mafuta tu. Huko kulikuwa na kundi la ndege wa kahawia wenye mabawa marefu wanaovuka bahari kutoka Madagaska kila kusi. Mjomba alinyamaza muda mrefu. Njia hiyo aliwahi kuipita kwa meli.

Nimetoa nyota nne. Ile ya tano ni ya gari na darubini, na ofisi ikitaka irudi ijue pa kuanzia. Kama mnakwenda, ombeni mwongozaji kutoka vijiji vya jirani na mzungumze naye wenyewe saa ya kuondoka, vaeni suruali ndefu na soksi juu yake kwa sababu ya siafu, na mahamri yawe kwenye chombo chenye kifuniko cha kubana.

Mjomba amenunua darubini yake mwenyewe, ya mtumba, pale soko la Kongowea, Mombasa. Kila alfajiri yuko roshani anahesabu kunguru, anasema anafanya mazoezi.