Madaraja ya reli iliyokufa Kirkby Stephen: nyota 4, na nyingine ningeongeza kama daraja la Belah lingekuwepo

Jamani mlioko Uingereza mnaopenda kutembea, ile njia ya madaraja ya Kirkby Stephen kule Cumbria inafaa, tena inafaa sana, na kiingilio hakuna. Ni reli ya zamani iliyokuwa inakata milima ya Pennine kupitia Stainmore, ilifunguliwa 1861, kazi yake kubwa ilikuwa kubeba koki (makaa ya mawe yaliyookwa, ya kuyeyushia chuma) kutoka Durham kwenda kwenye matanuru ya chuma upande wa magharibi halafu mabehewa yanarudi na mawe ya chuma. Treni za abiria zikakatwa Januari 1962, reli ikang'olewa, siku hizi ni njia ya miguu.

Kipande cha karibu na mji kinaanzia Stenkrith mpaka Hartley, unavuka daraja la Podgill lenye matao 11 na la Merrygill lenye matao 9. Njia ni tambarare kabisa maana ilikuwa ya treni, mwenye kiti cha magurudumu au kigari cha mtoto anapita bila shida. Sasa wengi wanavuka Podgill, wanapiga picha juu pale, wanaondoka, na hapo ndipo wanapokosa utamu wenyewe, shuka chini bana! Daraja lilijengwa la njia moja ya treni, halafu 1889 wakalipanua liwe la njia mbili, ukisimama chini ya tao na kuinua kichwa unaona ule mshono kabisa, huku mawe ya mwanzo na huku ya nyongeza, yaani ni madaraja mawili yamebanana kama ndugu kwenye kitanda kimoja. Mimi nilikaa pale mpaka shingo ikauma.

Smardale Gill liko upande wa pili wa mji, ndani ya hifadhi, na kwangu hili ndilo namba moja. Matao 14, urefu kama mita 169, kimo mita 27 hivi juu ya kijito, na bonde zima halina kelele ya gari. Ila angalieni msichanganye, maana ukianza kutembea kutoka kwenye maegesho unapita chini ya daraja jingine refu zaidi, hilo ni la reli ya Settle kwenda Carlisle na treni bado zinapita juu yake, nilisikia watu wanasema "ndio hili hili" wakageuza. Hapana, endeleeni mbele! Hili la kwetu lilikuwa limechoka, mpaka ikafika hatua wenye reli wakataka kulibomoa, ndio 1989 ukaundwa mfuko wa hisani wa Northern Viaduct Trust, likakarabatiwa, 1992 kazi ikaisha. Ukienda Agosti jua likiwaka unaweza kubahatika kuona vipepeo wa kahawia wanaoitwa Scotch Argus, kwa England nzima wanapatikana sehemu chache mno.

Nyota moja nimekata kwa sababu kitu kikubwa kuliko vyote kwenye reli hii hakipo. Daraja la Belah lilikuwa la chuma, kimo karibu mita 60, urefu zaidi ya mita 300, aliyelisanifu ni Thomas Bouch, ndio yule yule ambaye daraja lake la Tay kule Scotland lilianguka na treni Desemba 1879 likiwa halijafikisha hata miaka miwili, sasa cha ajabu hili la Belah lilipigwa upepo wa Stainmore miaka mia na halikutikisika, wakaja kulikata 1963 likauzwa chuma chakavu. Na daraja la Deepdale, la chuma pia kwenye reli hii hii, nalo wakalimaliza hivyo hivyo. Kwa hiyo haya mnayoyavuka leo ni ya mawe, na mawe hayana bei kwa mnunuzi wa chakavu, ndio maana yapo, sio kwamba kuna mtu aliyapenda sana mwaka ule. Pale Belah zimebaki kuta za mwisho tu, moja huku moja kule, katikati hewa. Njia hii haifiki huko, na palipobaki ni mashamba ya watu, msiingie ovyo.

Usafiri: kuna treni kutoka Leeds, lakini stesheni iko kama kilomita mbili na nusu kutoka mjini, vaa viatu vya maana. Choo njiani mimi sikukiona, na upepo wa juu ya Smardale sio wa mchezo hata mwezi wa saba, beba koti na chai yako kwenye chupa. Mwenye muda wa daraja moja tu aende Smardale, mwenye watoto wadogo abaki Podgill, na kama mvua imenyesha ile njia ya kushuka chini ya matao inateleza vibaya.