Hilux 3L kugoma asubuhi na kutetemeka sailensi: uzoefu wangu na fundi pampu wa Makambako

Wakuu habari za saa hizi. Naandika kwa ajili ya wenzangu wenye Hilux za zamani, hizi LN106 zenye injini ya 3L (ni jina lake, si lita tatu), cc 2779, dizeli ya pampu ya kawaida isiyo na kompyuta hata moja. Yangu ni singo kebini, inabeba viazi kutoka mashambani kuja Njombe mjini, mara mojamoja mbao, na kwa umri wake sina malalamiko, ila mwaka huu ikaanza tabia mbili: asubuhi haiwaki, na ikishawaka haikai sailensi (mngurumo wa chini gari ikiwa imesimama bila kukanyaga mafuta), inatetemeka mpaka kwenye kioo cha pembeni huoni kitu, ukiachia mafuta inataka kuzima.

Sasa wanaoijua Njombe ya mwezi wa sita na wa saba wanaijua ile baridi, kwa hiyo kila niliyemuuliza jibu lake lilikuwa hilohilo, baridi hiyo, badilisha plagi za hita (zile zinazopasha joto silinda kabla ya kuwasha). Gereji moja (siitaji) wakaniwekea plagi nne mpya, hakuna kitu. Wakahamia kwenye betri, hakuna kitu. Mwisho wakasema pampu imekufa, ishushwe ifanyiwe ovahoo, na bei waliyonitajia hata kupatana ilikuwa hakuna haja. Ile kutetemeka dawa yao ilikuwa kukaza skrubu ya sailensi mpaka injini inanguruma kama inapanda mlima wakati gari imesimama. Hapo umeficha ugonjwa tu, na dizeli inaliwa bure.

Dereva mmoja wa malori ndo akanielekeza Makambako. Pale ni njia panda, gari za Tunduma na za Songea zote zinapita hapo, kwa hiyo mafundi dizeli hawakosekani. Huyu ni mzee fulani mpole, ana chumba chake cha mashine ya kupimia pampu na nozo (vile vya kupulizia dizeli ndani ya silinda), nami nikajua tu atakimbilia kushusha pampu maana ndo biashara yake. Wala hakuigusa. Baada ya kamwene (salamu ya huku) na habari za njiani akaniuliza, "Kijana wangu, asubuhi ukipiga stata moshi unatoka nyuma?" Nikamwambia hautoki mzee, mpaka ianze kushika ndo unakuja kidogo. Akasema basi plagi hazina kesi.

Maelezo yake yalikuwa hivi, na mimi naona hii peke yake inatosha mtu kuokoa hela: ukipiga stata ukaona moshi mweupe unatoka na gari haiwaki, dizeli inafika ndani ila haiungui, hapo sawa kapime plagi, na zikiwa nzima waza kompresheni (mgandamizo wa hewa ndani ya silinda). Ukipiga stata na nyuma hakutoki moshi hata kidogo, dizeli haifiki. Halafu akaniuliza gari nalaza imeelekea wapi. Nyumbani kwangu pana kiteremko, na kweli, nikiingiza imeinamisha pua asubuhi inawaka vizuri, nikiingiza kinyumenyume pua ikawa juu ndo inanipa shida. Akacheka. Tenki liko nyuma, pua ikiwa chini tenki linakuwa juu ya pampu, mafuta hayana pa kurudi. Pua ikiwa juu, na pana sehemu inapitisha hewa, usiku kucha dizeli inarudi zake tenki, asubuhi pampu inakuta paipu tupu.

Nikamuuliza mbona sioni panapovuja, chini pakavu kabisa. Kumbe kwenye hizi injini kuanzia tenki mpaka pampu mafuta yananyonywa, hayasukumwi, kwa hiyo tundu dogo linavuta hewa kuingia na halitoi tone la dizeli nje. Unaweza kutafuta unyevu mpaka ukachoka.

Akachomoa mpira kati ya filta na pampu akaweka kipande cha mpira wa kuonyesha, ule wa plastiki mweupe, tukawasha. Mapovu yanapita mle ndani moja baada ya jingine, unayaona kwa macho. Akachomeka moja kwa moja kwenye kidumu cha dizeli, mapovu yakaisha, injini ikatulia, maana yake pampu inanyonya vizuri na tatizo liko nyuma yake. Akarudisha filta, akachukua grisi nzito akapaka kuzunguka ukingo wa pampu ya mkono, ile ya kubonyeza iliyo juu ya filta, mapovu yakapungua palepale. Ndo hiyo bwana. Ile ngozi ya mpira ndani ya pampu ya mkono ilishapasuka. Pampu niliyoambiwa imekufa ilikuwa nzima kabisa, kilichokufa ni hicho kidude.

Kuhusu spea: dukani kulikuwa na kichwa cha filta cha bei rahisi na cha bei kali. Kile cha rahisi nilikibonyeza mkononi springi inarudi kivivu, nikachukua kile kingine, karibu mara mbili ya bei, na kimenitulia mpaka leo. Tukabadilisha na vimpira vya ritani (vya kurudisha dizeli inayobaki) vya juu ya nozo maana vilikuwa vimekauka mpaka vinakatika ukivikunja.

Asubuhi ikawa inawaka, ila ule mtetemo wa sailensi ulibaki kiasi, hasa injini ikiwa bado ya baridi. Hapa alitumia spana namba 17 tu. Injini ikiwa inaunguruma analegeza nati ya paipu ya nozo moja, anasikiliza, anakaza, anaenda ya pili. Silinda nzima ukiilegezea injini inayumba papo hapo, mbovu haina habari. Ya tatu haikubadilisha kitu chochote. (Msiweke mkono karibu na hiyo nati wakati inarusha, ile presha inapenya ngozi, na vaeni miwani.) Nozo zikashushwa zote kwenye mashine yake ya mkono: tatu nyingine zinatoa ukungu safi na kale kamlio, ile ya silinda ya tatu inatoa mshirizi wa pembeni halafu inadondosha tone. Akabadilisha ncha yake, akaziseti zote presha moja, akarudishia na washa (ringi za kuziba) mpya za kopa, za zamani alikataa kabisa. Baada ya hapo ndo akaishika ile skrubu waliyoikaza wenzake, akairudisha mpaka rpm 700 hivi. Kikombe cha chai kwenye dashibodi hakimwagiki.

Stata nayo ilikuwa na siku zake, unageuza ufunguo inapiga tak, kimya, unarudia tena inazunguka. Hilo dogo, ni zile kopa mbili ndani ya solenoidi (swichi ya umeme iliyo juu ya stata) zimeliwa, zinauzwa zenyewe bei ya soda kadhaa, usikubali kuuziwa stata nzima. Kama inazunguka vizuri ila haishiki kabisa, kabla ya yote weka swichi oni usikilize kwenye pampu, ile solenoidi ya kukata mafuta lazima ipige tik. Isipopiga kapime waya wake kwanza, mara nyingi ni waya au fyuzi.

Plagi zenu kabla hamjatupa chukueni taa ya kupimia, ondoa kile kibati kinachoziunganisha, waya mmoja chanya ya betri, mwingine kichwa cha plagi, taa ikiwaka plagi haijakatika. Na mkinunua someni volti, zipo za 6, za 11 na za 12, ukikosea ukaweka ya 6 kwenye mfumo wa 12 inaungua mapema sana.

Kero za huyu mzee: foleni ndefu, malori yanatangulizwa, nililala Makambako bila kupanga, na simu hapokei akiwa kwenye mashine. Kazi kanitoza elfu 80 pamoja na kupima nozo zote, spea nikanunua mwenyewe. Nampa nne kwa tano. Ameniambia pia nirudi kwa ajili ya mkanda wa taiming maana 3L inatakiwa kila kilomita laki moja na wangu haujulikani ulibadilishwa lini, ukikatika vavu zinagongana na pistoni, kwa hiyo mwezi ujao tena Makambako.