Masundosundo, vile vinyama vinavyoota sehemu za siri: upake dawa nyumbani au ugandishwe kliniki?

Ukiwa unaishi Rombo, kushuka Moshi mjini kugandishwa kila baada ya wiki moja au mbili ni nauli na siku nzima ya shamba imepotea. Hapo dawa ya kupaka, podofilotoksini ya asilimia 0.5, inashinda: unapaka mwenyewe asubuhi na jioni kwa siku 3, unapumzika 4, unarudia hadi mizunguko 4. Aibu ya kuvua nguo unaimeza mara moja tu, siku ya kupimwa. Na upimwe kweli, maana kaswende nayo huotesha vinyama, bapa na vyenye unyevu, na tiba yake ni sindano ya penisilini.

Kugandisha ni kazi ya mtaalamu. Kijiti cha pamba kinatoka kwenye naitrojeni ya kimiminika kikifuka moshi mweupe, kinagusa, ngozi inageuka nyeupe, inachoma, baadaye lengelenge. Kwa mjamzito sina mjadala: agandishwe, podofilotoksini asiiguse.

Njia zote mbili huondoa vinyama, haziui kirusi chenyewe, HPV, hasa aina ya 6 na 11. Vinaweza kuota tena. Kondomu hupunguza maambukizi, haiyazuii yote. Wanaokushauri maji ya betri, waache wajipake wao.